Chumba Kilichozibwa Siku ya Nyepi

Haya nimeyapata kwa Sajini Nengah Merta mwenyewe, mwaka ule aliostaafu, wiki ya sikukuu ya Galungan, mvua ilipomfungia barazani kwangu na pikipiki yake imegoma kuwaka. Alisimulia taratibu, akirudi nyuma pale alipoona ameruka, na mimi nimeyaandika nilivyoyasikia.

Ilikuwa Nyepi, siku ambayo kisiwa kizima cha Bali hukaa ndani. Hakuna moto, hakuna taa, hakuna kazi, hakuna kutoka langoni, tangu alfajiri mpaka alfajiri ya pili. Barabarani unakuta mgambo wa kijiji tu, na shuka zao za miraba myeusi na myeupe, na gari la wagonjwa kama kuna anayekufa.

Jua lilikuwa limeshapanda pale mkuu wa mgambo, Kompiang, alipofika kwa Merta kwa miguu. Alisema kwa kina Kerti mtu amelishwa sumu. Mgonjwa ameshapelekwa hospitali ya wilaya, na anayedhaniwa kumlisha amefungiwa chumbani.

"Njoo wewe," akasema, "kabla wenyewe hawajafanya kazi yako."

Merta akavaa sare. Njiani hata mbwa walikuwa wamenyamaza. Alijua kwamba akishaingia katika boma lile hatatoka mpaka kesho, maana polisi naye, shughuli ikiisha, hana ruhusa ya kurandaranda.

Boma lenyewe alilifahamu. Ndugu wawili wa kike waliolewa na ndugu wawili wa kiume, na wote wawili sasa ni wajane. Mkubwa ni Kerti. Mdogo ni Rasmin, fundi wa kusuka sadaka anayeitwa kila hekalu likiwa na sikukuu. Mwana wa Kerti, Arsa, yuko baharini, mpishi wa meli ya watalii. Mkewe Arsa, Ketut Sulendri, ndiye aliyebaki nyumbani na binti yao Ayumi wa miaka minne. Sulendri ametoka kijiji cha mlimani ambacho watu husema wanawake wake wanaijua cetik, ile sumu ya siri inayotajwa kwa sauti ya chini. Wasemao hivyo hawajawahi kuiona.

Rasmin alikuwa ameketi ngazini, mbele ya nyumba ya kaskazini, mgongo kauegemeza mlangoni, ufunguo kauchomeka kiunoni. Jua lilikuwa likimpiga usoni na hakujali.

"Umechelewa, Ngah," alimwambia Merta. Alimwita hivyo kwa kuwa alimjua tangu akitembea uchi.

Merta akakaa ngazi ya chini yake na kuuliza. Rasmin akaeleza bila kusita. Dada yake aliingia chumba kile kabla ya alfajiri, kukaa kimya na kufunga. Mwaka jana mwanga wa simu ulionekana kichochoroni, na Kompiang akalitaja boma lao mbele ya kijiji kizima. Kerti hakuisahau aibu ile. Safari hii alilizibisha dirisha kwa turubai, akapachika nailoni nyeusi kwenye kila tundu, hata chini ya vigae, mpaka ukiwa ndani huoni kidole chako mchana kweupe. Jua lilipokuwa juu ya mnazi wa kwanza wakamsikia anaguna. Walimkuta kashika kipaji cha uso, anatapika, jicho la kulia limeiva kama ua la haibiskasi, anasema anaona moshi. Walipombeba, jicho hilo halikuuona tena mkono wa mdogo wake.

Merta aliuliza dada alikula nini.

"Cetik haihitaji sahani. Inakaa chini ya ukucha. Anachovya kidole kwenye maji yako, basi, umekwisha."

"Nani kamwona Sulendri akichovya?"

"Aonekane, ni mjinga?"

Hapo Kompiang akamvuta Merta pembeni na kumweleza kinachosubiriwa. Alfajiri, Nyepi ikiisha, ukoo utakaa. Sulendri atarudishwa kwa wazazi wake mlimani. Mtoto atabaki, kwa sababu mtoto ni wa nyumba ya baba. Arsa atapigiwa simu huko aliko na kuambiwa lililokwisha amuliwa. Kompiang mwenyewe hakupenda, ila ukoo ukishakata neno, mgambo hana la kusema.

Basi Merta alikuwa na siku moja, na siku yenyewe ni ya kimya.

Akaomba ufunguo. Rasmin alimpa kwa kumtupia.

Ndani kulikuwa na giza zito lenye harufu ya turubai jipya na matapishi. Merta alisimama mpaka alipoanza kusikia pumzi ya mtu ukutani. Kisha mtu akapiga chafya.

Sulendri alijibu kila alichoulizwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha hukumiwa. Jana alipika wali na kuku kwa ajili ya leo, akafunga migao kwenye majani ya mgomba, mmoja kwa kila mtu. Maji ni ya mtungi mmoja. Ugomvi na mama mkwe ulikuwepo, ndiyo: alitaka kwenda kufanya kazi hotelini mjini, mama mkwe akakataa. Merta akamwambia mlango uko wazi akitaka kukaa nje kidogo.

"Nitoke niende wapi, Pak? Nikivuka lango leo nina kosa la pili," akasema, akimwita "Pak," kwa heshima kama baba.

Swali la mwisho lilikuwa dogo. Je, kuna chochote alichompa Kerti mkononi, mbali na chakula?

Sulendri alijifuta pua. Akapiga chafya nyingine, akasema hapana.

Merta alikwenda jikoni. Meko yalikuwa ya baridi, majivu yamefagiliwa jana. Kikapuni mgao wa Kerti ulikuwepo, umefungwa kwa ujiti wa mwanzi, haujaguswa. Mfungo ulikuwa huohuo wa migao mingine. Alinusa mtungi, akanywa kikombe kizima, akakaa akingoja tumbo. Mzee mmoja wa boma, shemeji yao Kerti na Rasmin, alimwambia wote wamekunywa humo tangu asubuhi, hata mtoto. Tumbo la Merta likakaa kimya.

Basi sumu ya chakula ikafa palepale. Ila ile chafya ilimsumbua. Mtu mwenye mafua hutafuta dawa. Akainua mbuzi ya kukunia nazi, akapekua nyuma ya debe la mchele, na chini ya mkeka wa jikoni akaona kipande cha karatasi ya fedha, ile ya kufungia vidonge, vichache vimeshatolewa.

Alirudi gizani akakiweka mkononi mwa Sulendri, akiviacha vidole vyake vikitambue.

Sulendri alianza kulia bila sauti. Jana usiku, kwenye maandamano ya masanamu ya mkesha wa Nyepi, moshi wa mienge uliwashika wote wawili puani. Mama mkwe akaomba dawa, Sulendri akampa kidonge cha mafua, na kabla ya alfajiri akaomba kingine ili asije akapiga chafya kwenye kimya chake. Yeye Sulendri amemeza vya kipande hichohicho, jana na leo.

"Kwa nini ulinificha?"

"Ningesema nimempa kitu kwa mkono wangu, Pak? Mbele ya mama mdogo? Ningekuwa nimejichimbia."

Na ni kweli angekuwa amejichimbia. Merta alitoka na kipande kile mfukoni akiona kimekuwa kizito. Ushahidi ulikuwa umepatikana, na ulikuwa wa kumwangamiza yule ambaye moyo wake ulikataa kumshuku. Alikwenda kusimama karibu na hekalu la boma, mbali na masikio, akaipigia hospitali.

Alipewa daktari wa macho wa zamu, mama mmoja aitwaye Widiari, ambaye Nyepi ilimfungia kazini kama ilivyomfungia Merta bomani. Zahanati ya jirani, ambako gari lilipitia kwanza, walikuwa wamemwandika Kerti kuwa ni sumu ya tumbo kwa sababu ya kutapika. Daktari alisema kosa hilo ni la kila siku: jicho linauma mpaka linatapisha, watu wanaangalia tumbo, na jicho linakufa wakiangalia tumbo.

Alimweleza polepole, kama anayemwelekeza mtu njia. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka, na mfereji wake wa kutokea uko pembeni, kwenye kona. Wapo waliozaliwa na kona nyembamba, na umri ukienda inazidi kubana. Wengi wao ni wanawake, na wengi huvaa miwani minene ya kukuzia. Mboni ikifunguka sana, lile pazia la rangi linaloizunguka linajikunja na kuziba mfereji. Maji yananasa. Presha inapanda ndani ya saa chache na kuuponda mshipa unaopeleka mwanga kichwani. Ndiyo presha ya macho, glakoma, ile ya ghafla.

Merta akauliza juu ya kidonge.

"Kinafungua mboni kidogo," daktari akasema. "Giza linaifungua zaidi. Lakini mimi nikimeza hicho na kukaa gizani wiki nzima, sipati kitu. Jicho lile lilikuwa tayari limejifunga, Sajini. Lilikuwa linangoja siku."

"Nitawathibitishiaje watu wasioniamini?"

Daktari aliuliza kama mgonjwa ana ndugu wa tumbo moja. Merta akasema yuko mdogo wake. Daktari akasema huyo ndiye wa kwanza kupimwa, kabla ya watoto, kabla ya mtu yeyote, kwa sababu kona ya jicho hurithiwa kama pua. Kisha akamfundisha kipimo cha tochi wanachotumia wahudumu wa vijijini wasio na mashine, akamwonya kwamba hicho hakitoshi, hospitalini watapima kwa vifaa.

Merta aliweka simu mfukoni na kumtazama Rasmin kutoka mbali. Alikuwa amerudi ngazini kwake baada ya kurudishiwa ufunguo na kufunga mlango upya. Miwani ilikuwa puani, minene, imemkuza macho mpaka yakaonekana ya mtu aliyeshtuka. Merta alikumbuka kuwaona akina dada hawa sokoni wakiazimana miwani hiyo moja.

Kisha akawaza kingine, na hicho kilimfanya atazame jua. Lilikuwa limeshashuka hadi kwenye vichwa vya minazi.

Alikwenda kukaa ngazini.

Aliuliza mambo madogo kwanza. Kazi ya sadaka inaendaje? Vizuri. Kichwa je? Kichwa ni cha uzee. Jioni akitazama taa ya hekaluni, haoni pete za rangi kuizunguka, kama upinde wa mvua?

"Nani kakwambia?" Rasmin akauliza.

Rasmin akagundua alichosema, akaanza kusafisha miwani kwa ncha ya nguo.

"Tangu lini, Mama Rasmin?"

Rasmin alisema ni tangu msimu wa mavuno uliopita. Inakuja jioni, na kipaji kinabana, kisha inapita. Hakumwambia hata dada. Nani atamwita fundi asiyeona kupindua jani?

Merta akamwambia aliyoyasikia kwa daktari. Rasmin alisikiliza huku akitikisa kichwa, na mwisho akasema haya ni maneno ya kumwokoa yule wa mlimani.

"Ngoja nikuhesabie," Merta akasema. "Yule aliyemo ndani amemeza vidonge vilevile vya dada yako. Amekunywa maji yaleyale. Amekaa giza lilelile tangu asubuhi, kwa sababu wewe umemfungia humo. Macho yake ni mazima. Wewe hujameza kitu, na umekaa juani kutwa nzima ukimlinda. Unajua ni nani aliyekuwa akilindwa? Ni wewe. Ungekaa ndani kama dada, labda saa hizi mko wodi moja. Na jua likizama, ngazi hii itakuwa giza kama chumba kile."

Rasmin alitazama minazi.

"Na ukikuta hicho unachokitafuta," akasema, "mimi niliyetamka sumu mbele ya watu nitaitwa nani?"

"Utaitwa mtu anayeona."

Rasmin akasimama, akafungua mlango mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa tochi, na tochi ilikuwa na mwenyewe. Kompiang alikunja mikono juu ya shuka lake la miraba. Alisema taa ni taa, na yeye ndiye aliyelitaja boma hili mwaka jana kwa kimwanga cha simu. Leo aje awashe mwenyewe? Merta akamwambia chumba kimezibwa kuliko kaburi, hata nzi akiwasha taa humo hataonekana. Kompiang akacheka kwa pua. Akasema mgonjwa ameruhusiwa tangu zamani za mababu, ila yeye ataingia ashuhudie, na mlango ufungwe.

Wakaingia wanne gizani: Sulendri ukutani, Rasmin kwenye kigoda, Kompiang mlangoni, Merta na tochi.

Alianza na Sulendri. Aliiweka tochi kando ya jicho, usawa wa sikio, mwanga ukikata uso kwa ubavu kuelekea pua. Pazia la rangi la jicho lake liling'aa lote, toka kona hii hadi kona ile, kahawia safi.

"Umeona, Bli?" Merta akauliza, akimwita kaka.

Kompiang akasema ameona.

Kisha Rasmin. Alivua miwani. Merta aliiweka tochi palepale, usawa uleule. Upande wa sikio ukang'aa. Upande wa pua ukabaki mweusi, kivuli kimekatwa kama mwezi wa siku chache. Akahamia jicho la pili. Kivuli kilikuwepo.

Kompiang alisogea, akainama, akatazama sana. Akamwomba Merta arudie jicho la Sulendri, kisha tena la Rasmin.

"Semeni basi," Rasmin akasema. "Mimi siwezi kujiona."

"Limebana, Mama Rasmin," Kompiang akamjibu. "Yote mawili."

Tochi ikazimwa. Katika giza lile Merta alisikia pumzi za watu, moja ikiwa fupi na ya haraka, na hakuweza kujua ni ya nani kati ya wanawake wale wawili.

Daktari, alipopigiwa, alisema Rasmin asingoje asubuhi. Hospitali ndiyo nyumba pekee yenye mwanga usiku huu. Aletwe sasa, atawekewa dawa ya matone ya kuifunga mboni, na kesho watatoboa kitundu kidogo kwa mwali wa leza kwenye lile pazia la jicho, maji yapate njia ya pili. Akasema akiwahi hivi, huenda asifikwe kabisa na lililomfika dada yake.

Kompiang akaita gari kwa redio yake. Wakati wa kungoja, Rasmin alisimama uani asijue pa kuweka mikono. Mwishowe alimgeukia Sulendri, ambaye alikuwa ametoka na kukaa kizingitini na Ayumi mapajani.

"Nitafutie nguo za kulalia," akamwambia. "Wewe ndiye unayejua zilipo."

Sulendri akamweka mtoto chini, akaenda. Alirudi na furushi. Rasmin akalipokea bila kumtazama, akatembea hadi langoni akiwa ameshika mkono wa Kompiang, maana jua lilikuwa limekwisha zama na alianza kupapasa. Langoni alisimama.

"Kesho ukoo usikae," akamwambia Kompiang, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Waambie niliyesema ni mimi, na ninayefuta ni mimi. Mtoto ana mama yake."

Gari likaondoka bila king'ora, mgambo wawili wakilitangulia.

Giza likashuka lile la Nyepi, ambalo halina mwezi. Merta hakuwa na pa kwenda. Shemeji mzee alimletea mkeka, akaingia kulala. Baadaye kidogo simu ya Merta ikatikisika mfukoni, akaipokea ndani ya shati ili mwanga usitoke. Daktari Widiari alisema presha ya Kerti imeshuka, lakini lile jicho la kulia limechelewa. Huenda akatofautisha mchana na usiku, si zaidi. La kushoto litatobolewa kesho pamoja na ya Rasmin, ambaye tayari amepimwa kwa mashine, na mashine imesema kama tochi ilivyosema. Mwana aliyeko melini apimwe akikaribia miaka arobaini, na asimeze vidonge vya mafua ovyo. Kisha daktari akauliza kama kuna wajukuu.

Merta alimfikishia Sulendri yote, kwa kunong'ona. Sulendri aliuliza juu ya mama mkwe kwanza. Aliposikia, alisema kile kidonge kitamkaa rohoni. Merta akamwambia daktari amesema jicho lilikuwa tayari. Sulendri akasema amesikia, lakini mkono ulikuwa wake.

Kisha akapapasa kichwa cha mtoto.

"Na huyu naye?"

"Labda. Ni damu yao. Itajulikana akiwa mtu mzima, na akipimwa mapema haitamfikisha pale."

"Basi nitakuwepo," Sulendri akasema.

Hakurudi kulala chumbani. Aliuburuta mkeka hadi uani, akamlaza Ayumi upande wa ukuta na kujilaza upande wa nje. Lango lilikuwa pale pale, na hakuna aliyeweza kulivuka mpaka alfajiri, si yeye, si askari. Juu yao nyota zilikuwa nyingi kama zinavyokuwa usiku huo peke yake. Merta alisikia mafua ya Sulendri yakikoroma kidogo, kisha pumzi yake ikatulia ikaenda sawa na ya mtoto. Alikusudia kukesha, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Alivua viatu tu, akaegemeza kichwa ukutani, akalala.